Saa Sitini na Mbili za Mteja 417

Mimi ni dalali wa mbuzi, na dalali akiona haya analala njaa. Miaka ishirini na sita nimesimama soko la mifugo la Lodwar nikiwaambia watu kwamba mbuzi anayekohoa anasafisha koo tu, na wamenunua. Basi ukinisikia nikisema kuna Jumamosi moja niliona aibu mpaka nikatamani gunia la mchele liniangukie, ujue haikuwa aibu ya mchezo.

Jumamosi hiyo tulikuwa kwenye stoo ya Nimco, nyuma ya duka lake la Lodwar, ambako chama chetu hukutana. Kinaitwa Mizani, na tuko watu tisa. Nimco ndiye mweka hazina. Ni mama wa Kisomali anayeuza vyakula kwa jumla hapa na Kakuma, na tulimpa hazina kwa sababu hamwamini mtu, hata mumewe. Katibu ni Chelangat, mwalimu wa hesabu wa sekondari, mwanamke mpole ambaye hajawahi kukosea hata nukta. Yuko pia Sheikhdon mwenye malori, ambaye kila jambo analiona kama njama dhidi ya mfuko wake. Mimi, Erupe, ni mwenyekiti. Walinichagua kwa ajili ya sauti yangu, si akili.

Tulikuwa na akiba ya miaka minne na hatujajua tuipeleke wapi. Sheikhdon alitaka tununue ploti Lokichar, kwa sababu alikuwa na uhakika kwamba mafuta yakianza kutoka kila ploti kule itageuka dhahabu. Amekuwa na uhakika huo tangu nikiwa na nywele nyeusi. Ndipo Chelangat akatoa karatasi zake.

"Kuna kampuni Nairobi inaitwa Liwazo," akasema. "Mtu akizidiwa na mawazo, akishindwa kulala, anafungua simu anaongea na mshauri. Hapangi foleni, hasafiri. Wanauza hisa kwa watu wadogo kama sisi, na bei imeshuka sana mwaka huu. Nataka tuiangalie."

Sheikhdon akapiga paja. "Mwalimu, yaani sisi tununue kampuni ya wendawazimu?"

Stoo nzima ikacheka, na aliyecheka kuliko wote ni mimi. Nilicheka mpaka nikakohoa. Sasa ngoja nikwambie kwa nini kicheko hicho kilikuwa cha uongo.

Nilikuwa na mdogo wangu, Losike. Mwaka juzi kulikuwa na mbuzi wa kupelekwa kwa lori barabara ya Kitale, na zamu ilikuwa yangu. Asubuhi ile nilimwambia Losike goti linaniuma, siwezi kukaa juu ya lori. Goti halikuwa na kitu. Nilikuwa nimechoka tu, nataka kulala. Losike akaenda. Walipopita Lokichar majambazi wakalimiminia lori risasi, na wakafa watu saba, yeye akiwa wa kwanza. Akaacha mke, Napeyok, na watoto wawili; walikuwa wakiishi hapa Lodwar, na baada ya msiba wakarudi kwao Lopur, karibu na Kakuma.

Nilizika, nikalia, na wakati wote huo nikawa nachechemea. Ndiyo, nilichechemea. Ningefanya nini, wakati nimeshawaambia watu goti? Miezi minne nilitembea kama mzee wa miaka tisini, hasa Napeyok akiwa karibu. Usingizi ukanihama kabisa. Nikawa napiga kelele sokoni kwa kitu kidogo, nikampiga kofi mnunuzi mmoja mbele ya watu kisa ameshika mbuzi vibaya. Mimi ni mtu wa hasira, sikatai, lakini ile haikuwa hasira yangu ya kawaida.

Halafu nikasikia redioni kwamba Liwazo wamefungua laini ya Turkana, na wasikilizaji wao wako Kakuma. Nikapiga. Akapokea mama mmoja Mkongo anaitwa Céline, mkimbizi, yuko kambini mwaka wa kumi na moja sasa. Sauti yake haina haraka. Tangu siku hiyo kila Jumatano asubuhi nafunga mlango wa banda langu la ngozi, naongea naye saa nzima. Watu wakiniuliza nawaambia naongea na mnunuzi wa mbuzi wa Kakuma. Soko zima likaamua kwamba huyo mnunuzi lazima awe na sauti tamu na kiuno kizuri, nami nikawaacha waamini hivyo. Afadhali waseme nina kimada kuliko waseme nina wazimu.

Nikaanza kulala. Hilo ndilo jambo lenyewe. Nilirudi kulala kama binadamu.

Napeyok alikuja Lodwar miezi ileile, amekonda, hali chakula, haongei. Nilimpa nambari yangu ya mteja ya kuingilia Liwazo, 417, nikamwambia kuna mama anasikiliza. Hakuuliza nimemjuaje. Hatujawahi kuambiana nani anamwambia Céline nini. Na hilo la goti sikumwambia. Nilimwambia Céline peke yake.

Basi turudi stoo. Kicheko kilipotulia Chelangat akasema, "Ngojeni, nimalize. Bei imeshuka kwa sababu laini ya Turkana inawatia hasara. Kwenye mkutano mkuu wa wanahisa, tarehe ishirini na nane, bodi inapendekeza ifungwe. Ikifungwa, bei itapanda kidogo, tutauza, tutapata faida. Ripoti yenyewe hii hapa."

Ifungwe? Nikajikaza kisabuni.

Chelangat akasoma. "'Wateja wa Turkana ni wachache, tena ni wagonjwa sana. Wanalipa ada ileile ya mwezi kama wengine lakini wanatumia muda usio wa kawaida. Kwa mfano mteja nambari 417 wa Lodwar, mwezi wa Septemba, alizungumza saa sitini na mbili.'"

"Saa sitini na mbili," akasema Sheikhdon. "Huyo mtu si wa kuongea naye, ni wa kufunga na kamba."

"Uongo huo," nikasema, na nilikuwa nimeshasimama. "Wezi hawa. Mimi nimeongea masaa manne tu, kila Jumatano saa moja, hata dakika kumi zaidi sijawahi."

Nilisikia mteja mbele dukani akiuliza bei ya unga. Hasira yangu ndiyo iliyonichoma, hakunichoma mtu mwingine, na hapo ndipo nikatamani lile gunia la mchele.

Nimco akanitazama. "Kumbe ndiye yule mnunuzi wa mbuzi wa Kakuma," akasema taratibu.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilitamani wacheke ili nipate mtu wa kumtukana. Nikakaa chini nikawaambia ukweli nusu: kwamba tangu msiba wa Losike nilikuwa silali, na mama huyo wa Kakuma amenisaidia, na kama kuna mwenye neno aliseme sasa. Nusu nyingine, ya goti, sikuigusa.

Nimco ni mfanyabiashara, hakukaa kunionea huruma muda mrefu. "Mzee Erupe, wewe umetumia masaa manne. Hayo hamsini na manane ametumia nani?"

"Wameongeza, ili wapate sababu ya kufunga."

"Nani mwingine ana hiyo nambari?"

Nikamtaja Napeyok. Nimco akavuta kilemba chake, akasema Jumatatu anaenda Kakuma kuangalia duka lake, na Lopur si mbali na njia yake, kwa hiyo tutaenda wote na tutaona kwa macho.

Tukaenda. Mke wa Losike sikumkuta nyumbani. Jirani alituelekeza kwenye kibanda cha mabati ambako akina mama wa Lopur husuka vikapu. Kabla hatujafika nikasikia sauti ya Céline. Nilisimama. Sauti yangu, nataka kusema, sauti ninayojifungia nayo bandani kila Jumatano, inatoka hadharani kwa nguvu kama mahubiri.

Ndani walikuwa wamekaa kwa duara, wanawake kumi na tisa na wanaume wanne. Katikati kulikuwa na sufuria kubwa, na ndani ya sufuria simu ya Napeyok, imewekwa humo ili sauti ikuzwe. Mama mmoja alikuwa akizungumza huku mikono yake ikiendelea kusuka. Alipomaliza Céline akasema, "Asante, mama. Tumekusikia sisi wote. Sasa zamu ni ya nani?" Na msichana mmoja akatafsiri kwa Kiturkana.

Napeyok akaniona mlangoni. "Ejok," akanisalimu, kama vile hakuna kitu.

"Ejok. Shemeji, ni nini hii?"

"Ni ile uliyonipa." Akanishangaa. "Mama Lokol aliniomba, nikampa. Yeye naye mume wake alikuwa kwenye lori lile. Halafu wakaja wa malori mengine, na waliofiwa na watoto wakati wa ukame. Ningewanyima? Kwani wewe ulininyima?"

Kwetu mtu akikuomba tumbaku na unayo, unampa, na yeye akiombwa atampa mwingine, na hakuna anayekwenda kumwuliza aliyeitengeneza. Nambari ya Liwazo ilikwenda mkono kwa mkono hivyohivyo. Hakuna hata mmoja pale aliyedhani anaiba. Na Nairobi huko mtu amekaa mbele ya kompyuta, anaona mteja mmoja anaongea saa mbili kila siku ya Mungu, tena leo kwa sauti ya kike, kesho ya kiume, anaandika kwamba Erupe amezidiwa.

Nimco hakuwa anasikiliza aibu yangu. Alikuwa anahesabu vichwa, midomo ikimchezacheza. Tuliporudi kwenye gari akasema, "Wallahi, hiyo bei ya hisa si bei yake. Wale wanafikiri hapa hakuna soko. Soko liko, limekaa ndani ya sufuria."

Jioni hiyo Céline akatufuata dukani kwa Nimco, Kakuma. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona. Nilimwazia mwanamke mkubwa, kumbe ni mfupi, amevaa miwani, na kiatu kimoja kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Alinipa mkono kwa heshima, akaniita Papa Erupe, na wote wawili hatukujua tuanzie wapi.

"Papa, mimi niliwaambia wakubwa," akasema. "Nikaandika, hii ni kikundi. Lakini fomu yao haina mahali pa kikundi. Kompyuta inahesabu dakika tu. Na yale watu wanasema, mimi siwezi kutoa kwa mtu, hata kwa bosi. Ndiyo kazi yenyewe."

"Wakifunga utafanya nini?"

"Mimi nitapika mandazi. Si mara ya kwanza." Akavua miwani, akaifuta. "Lakini wale wa Lopur, Papa, hawajamaliza. Na wewe pia haujamaliza, unajua."

Nilijua. Mara tatu alikuwa ameniambia, bila kunisukuma, kwamba neno langu la goti halimhusu yeye, linamhusu Napeyok. Na mara tatu nilibadilisha mazungumzo nikaongea bei ya mbuzi. Kama laini ingefungwa mwisho wa mwezi, ningebaki na neno hilo shingoni mpaka nife, silali, nachechemea. Sikuwa na njia nyingine ya kulitoa, najijua.

Chama kikakutana tena. Nimco akaweka hoja mezani: tununue hisa za Liwazo kwa akiba yote, majina yetu yaingie kwenye daftari lao kabla ya mkutano, halafu tuwaambie wanahisa wengine ni kitu gani wanakitupa. Wauze kwa vikundi. Kikundi cha watu ishirini, simu moja, kila mtu analipa kidogo, jumla inazidi ada ya mtu mmoja wa Nairobi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshamwuliza Chelangat kama kampuni hiyo inaishi kwa mikopo ya riba, na Chelangat alikuwa ameshapekua mahesabu akamhakikishia haina mkopo hata mmoja.

Sheikhdon akatingisha kichwa. "Mimi sielewi. Sisi ndio tuliowatia hawa watu hasara. Sasa tunaenda kwao, tunasema, hamjambo, sisi ndio wezi wenu, tunaomba msifunge. Watatushtaki, na pesa imeenda."

Alikuwa na haki. Hata mimi nilikuwa nimeliwaza hilo. Watu wakaanza kugawanyika, wanne huku, wanne kule, na ploti ya Lokichar ikaanza kutajwatajwa tena. Sheikhdon akaniomba tutoke nje.

Tukasimama kwenye kivuli cha lori lake. Alichezea ufunguo kwa muda, hanitazami.

"Inasaidia kweli?" akauliza.

"Nini?"

"Erupe, usinifanye mtoto. Hiyo kuongea."

"Nalala," nikamwambia. "Nilikuwa silali, sasa nalala."

Na mimi, ajabu, sikumtania. Tulipoingia ndani ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. Tukanunua.

Zilibaki siku kumi na moja, na sijawahi kufanya kazi kama ile. Mnunuzi wa mbuzi haletewi mbuzi kwa maneno, anamtaka aliyesimama mbele yake apapase mgongo. Kwa hiyo tusingeenda kwa wanahisa na hadithi, tulihitaji vikundi vyenye majina na saini. Sheikhdon akatoa lori bila malipo, na hilo peke yake lingetosha kuandikwa gazetini. Nikapanda juu ya lori, mimi ambaye tangu mwaka juzi sikuwa nimepanda. Tulikwenda Kaikor, tukaenda Kalobeyei kwa Warundi na Wakongo, Kakuma kwa Wasomali ambako Nimco alizungumza yeye mwenyewe, na mimi nikasimama pembeni kama mfuko wake. Kila mahali nilisema vilevile: jina langu Erupe, nilikuwa silali, nimesaidiwa. Siku ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Siku ya tano nilikuwa naliuza jambo hilo kama beberu wa miaka mitatu. Wanaume walikuwa wananifuata nyuma ya lori, mmojammoja, wanajifanya wanauliza bei ya mafuta, halafu wanaomba nambari. Tulirudi na vikundi thelathini na kimoja.

Tarehe ishirini na nane tulikusanyika stooni, kompyuta ya Chelangat ikiwa juu ya magunia ya sukari. Wanahisa walikuwa mia mbili na kitu, kila mmoja kwenye kidirisha chake, wengine Kisumu, wengine Garissa, wengine wamelala kitandani, nawaona. Céline alikuwa Lopur, kwenye kile kibanda, ameunganisha simu yake ili wale akina mama wawasalimu wanahisa zamu yetu ikifika. Mwenyekiti wa Liwazo alikuwa bwana mmoja mstaarabu mwenye tai, anayesema asante baada ya kila neno.

Walipofika jambo la sita, kufunga laini ya Turkana, Chelangat akabonyeza, uso wangu ukajaa kwenye kioo.

"Mimi ni Erupe, wa chama cha Mizani, Lodwar," nikaanza. "Ni mwanahisa wenu. Na ndiye mteja nambari 417."

Vidirisha vikachangamka. Hata waliolala wakakaa.

Nikawaeleza kila kitu, sufuria na duara. Nikawaambia sisi ndio tuliowatia hasara na hatukujua, na tunaomba radhi, na kama wanataka kutushtaki duka ni hili. Chelangat akawaonyesha orodha ya vikundi na hesabu yake, mstari kwa mstari. Mwenyekiti akauliza kuhusu siri, watu wataongeaje mbele ya wengine. Nikamwambia, "Bwana, hawa walifiwa kwenye barabara moja, wengine siku moja. Watafichana nini?" Akasema asante.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, mpaka bwana mmoja wa Nairobi, mwenye hisa nyingi, akafungua maikrofoni yake. "Tusidanganywe," akasema. "Huyu mzee nimeuliza habari zake. Ni dalali. Wamenunua hisa juzi, wanatafuta kupandisha bei wauze. Mteja wa Liwazo hawezi kusimama hivi mbele ya watu. Mteja wa kweli anajificha. Kama wewe ni mteja, tuambie, ulikuwa unatibiwa nini?"

Mwenyekiti akamkataza, akasema mgonjwa haulizwi. Lakini damu ilikuwa imeshanipanda. Chelangat alinishika mkono, nami nikautoa. Nilijua Napeyok anasikia kila neno. Nilijua yule msichana anamtafsiria. Na nilijua pia kwamba nikinyamaza sasa, tumeshindwa, na yote mawili yamekwenda, laini na neno langu.

"Nilikuwa natibiwa uongo," nikasema. "Mdogo wangu aliuawa barabarani. Safari ilikuwa yangu. Nilimdanganya kwamba goti linaniuma, nikalala, akaenda yeye. Halafu nikachechemea miezi minne ili mke wake asijue. Kitu hicho nilimwambia mtu mmoja tu duniani, Céline, msikilizaji wenu wa Kakuma mnayetaka kumfukuza leo. Sasa nimewaambia ninyi mia mbili. Bwana, ulitaka mteja wa kweli, ndiye huyu. Je, nijifiche ili uniamini?"

Sikumbuki nani alisema nini baada ya hapo. Mwenyekiti alitangaza kura ipigwe, dakika tano. Nimco alikuwa amefunga macho, midomo inaomba. Sheikhdon alikuwa ameshika bega langu na hajui kama amelishika. Mimi nilikuwa natazama kidirisha kimoja tu, cha Lopur, ambacho kilikuwa giza, kwa sababu mtandao kule ulibeba sauti lakini picha ulikataa.

Mwenyekiti akakohoa. "Wanaotaka laini ya Turkana ifungwe, asilimia ishirini na sita. Wanaotaka ibaki, na mpango wa vikundi uanze mwezi ujao, asilimia sabini na nne. Hoja ya kufunga imeanguka. Asanteni."

Sheikhdon alipiga kelele ambayo sikujua anayo. Nimco, mama yule ambaye hatabasamu hata bei ya sukari ikipanda, alimkumbatia Chelangat wakaanguka wote juu ya magunia. Wateja wa dukani wakaingia kuuliza kuna harusi gani. Na kutoka Lopur vikaja vigelegele, kibanda kizima, mpaka kompyuta ikakwaruza.

Vilipotulia nikasikia Napeyok ananiita, kwa Kiturkana, kwa sauti kavu kama anayeita mtu kutoka ng'ambo ya lugga, mto wetu mkavu.

"Shemeji. Hilo la goti nalijua."

Nikasogea karibu na kompyuta.

"Nimelijua tangu asubuhi ile. Losike alipita nyumbani kuchukua blanketi, anacheka. Akaniambia, kaka anasingizia goti kama mtoto wa shule, mwache alale, mwaka mzima anazunguka yeye. Alipanda lori akicheka, Erupe. Wewe ukawa unachechemea mbele yangu, na mimi nikashindwa kukwambia uache, maana nilidhani ukijua kwamba najua utakimbia, na watoto watabaki bila baba mkubwa. Miaka miwili namwuliza huyu Mkongo nikuanzie wapi."

Nililia. Nililia stooni, mbele ya chama na mbele ya wanahisa mia mbili waliokuwa wananiona uso mzima na hawaelewi neno hata moja la Kiturkana. Sheikhdon naye alikuwa analia, na yeye haelewi Kiturkana vilevile.

Mwenyekiti akauliza kwa upole, "Samahani, Lodwar, huyo mama amesema nini? Tuandike kwenye kumbukumbu za mkutano?"

Chelangat, ambaye ameishi kwetu miaka kumi na anaelewa kila kitu, alisogeza uso wake kwenye kompyuta. "Hapana, mwenyekiti," akasema. "Hayo ni ya nyumbani. Endeleeni na jambo la saba."

Akazima maikrofoni yetu kwa wanahisa, akanipa simu yake iliyokuwa imeshampigia Napeyok, nami nikatoka nayo nje kwenye jua, natembea sawasawa kwa miguu yangu yote miwili, kwenda kuongea na shemeji yangu.